Karani Aliyetetea kwa Kukohoa

Wapo watu ambao ukiwakumbuka unatabasamu kabla hujakasirika. Karani mimi humkasirikia kwanza. Tabasamu huja baadaye, na likija nalifukuza.

Jina lake nalijua, silitaji. Mji mzima wa Kasulu ulimwita Karani kwa sababu aliwahi kuwa karani wa mahakama mahali fulani, zamani. Alipoiacha kazi, au kazi ilipomwacha, alitoka na muhuri wa tarehe uliokwama, koti la kijivu, na imani kwamba sheria yote ya nchi imo kichwani mwake. Alizaliwa wapi, na nani, sijui. Tulikaa kibaraza kimoja miaka minane na sikuona sababu ya kumwuliza.

Kibaraza chenyewe kilikuwa cha duka la Mzee Sefu, mkabala na mahakama. Karani alikaa kulia na daftari lake. Mimi kushoto na mashine yangu ya chapa, kazi niliyojifunza kwa masista. Yeye aliandika kwa mkono, mimi nikapiga chapa, kwa hiyo mteja alianza kwake akaishia kwangu. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto wawili, watu wakinipa heshima yangu ya Mama Rehema. Yeye aliniita Mashine. "We Mashine, hebu njoo usome mwandiko wa wasomi." Mwandiko wenyewe, kuku akiuona angedai ni wake.

Kazi yake ilikuwa kuwatetea watu bila kuruhusiwa kuwatetea. Wakili wa kweli, mwenye joho, ulimpata Kigoma mjini ukiwa na bahati, au Tabora ukiwa na ng'ombe wa kuuza. Sisi wa milimani tulikuwa na Karani. Na kesi alizozipenda kuliko zote zilikuwa za bangi. Miaka ile ya tisini wakimbizi walikuwa wanaingia kutoka Burundi, kambi ya Mtabila inajaa, malori hayakatiki. Palipokuwa na kizuizi kimoja barabarani pakawa na vitatu. Magunia ambayo miaka yote yalipita kimya kimya, mahindi juu na majani chini, yakaanza kufunguliwa. Aliyekutwa na misokoto kumi mfukoni na aliyekutwa na gunia zima wote walisomewa shtaka la kusambaza, na ndugu zao wote walipanda ngazi za Mzee Sefu wakiwa na macho mekundu.

Karani hakumkaribisha mtu. Alimwacha asimame mpaka amalize kunusa ugoro wake, pua ya kulia, pua ya kushoto, chafya, leso. Kisha akauliza, "Umekuja kulia au umekuja kushinda?" Swali hilo aliliona ni la hekima kubwa. Mimi nililisikia mara nyingi mpaka nikawa nalipiga chapa kichwani kabla hajafungua mdomo.

Utetezi wake ulikuwa mmoja. Nasema mmoja, na sizidishi, maana niliupiga chapa mimi. "Mheshimiwa, mimi ni mtu wa ibada. Siku ya tukio nilikuwa natoka mazoezi ya kwaya. Mzigo ule niliombwa tu kuushika na mtu nisiyemfahamu, aliyevaa kofia." Mshtakiwa alipewa karatasi aikariri akiwa mahabusu kama mtoto wa kipaimara. Hakimu naye hakuwa mjinga. Baada ya miezi kadhaa alianza kuuliza, "Yule mwenye kofia hajambo?" Siku moja mpwa wa Mzee Sefu, kijana wa Kiislamu aliyekamatwa na vifurushi viwili chini ya kiti cha lori, akasimama kizimbani akaitapika karatasi yote bila kukosea neno. Hakimu akaweka kalamu chini. "Kwaya ya msikiti upi?" Mahakama nzima ilicheka, polisi wakacheka, na mpwa mwenyewe akacheka akidhani ameshinda. Mzee Sefu alimfukuza Karani kibarazani kwa wiki nzima, kisha akamrudisha. Alisema duka limepoa bila watu wa kulia.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kusema mahakamani, Karani alikohoa. Alikaa benchi la nyuma, upande wa dirisha, na washtakiwa wake walifundishwa kusikiliza. Kikohozi kimoja, kana. Viwili, omba kesi iahirishwe. Vitatu, nyamaza hata kama wanakuchoma na moto. Msimu wa mvua, watu walipokuwa na mafua ya kweli, ilikuwa balaa tupu. Nilimwona mzee mmoja wa Heru akikana kwamba yeye ni mwanamume, kwa sababu mtu wa benchi la mbele alikuwa na kifua. Hakimu alimtuma askari siku moja ampelekee Karani chupa ya dawa ya kikohozi, mbele ya watu wote. Karani aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa kuinama, akaiweka mfukoni. Jioni alinionyesha ile chupa. "Unaona, Mashine? Mahakama inanitambua." Hapo ndipo nilipojua kwamba mtu huyu hawezi kudharaulika, dharau ikimfikia anaigeuza kuwa zawadi.

Nisiwe mwongo, alikuwa na mengine. Alichukia bangi kwa dhati. Alisema ni majani ya kumfanya mtu acheke msibani, na akayasema hayo huku ugoro umemjaa masharubuni. Aliwatukana Warundi asubuhi mpaka jioni, kwamba wametuletea foleni na nzi, ilhali mke wake alitoka ng'ambo hiyo hiyo na ndiye aliyemlisha. Siku ya baridi kali alirudi kutoka kuwaona wateja wake mahabusu bila koti lake la kijivu. Alilitupa dirishani kwa mzee mmoja mkimbizi asiyekuwa na mtu, akarudi kibarazani anatetemeka na kumtukana yule mzee kwa kukosa akili ya kukamatwa kiangazi. Koti alilirudishiwa baadaye likiwa na chawa. Akalivaa hivyo hivyo.

Lakini usemi wake mkuu, ule ambao ningeweza kuuandika juu ya kaburi lake, ulikuwa huu: "Mgonjwa haulizi jina la dawa." Mteja akiuliza, mzee, umeandika nini humu? jibu lilikuwa hilo. Mke wa mshtakiwa akiuliza kesi imefikia wapi, hilo hilo. Tuna msemo kwamba kuuliza si ujinga. Kwa Karani kuuliza kulikuwa matusi. Aliamini sheria ikielezwa inaharibika, kama maziwa yakiachwa wazi. Nami alinifunga kwa sharti tangu siku ya kwanza: kinachopita kwenye mashine hakipiti kwenye mdomo. Nililikubali. Nililiona ni la heshima, tena nilijivuna nalo, na sokoni niliwaangalia watu kwa jicho la mtu anayejua.

Kisha akakamatwa Yotamu, mdogo wangu.

Yotamu alikuwa mbebaji wa baiskeli. Alitoa mizigo Muyama, kwetu milimani, akaishusha Kasulu sokoni: maharage, ndizi, mahindi, chochote. Kwetu mbebaji hafungui mzigo wa mtu. Ukifungua, hutapewa tena, na watasema unatafuta cha kuiba. Siku hiyo alipewa gunia la mahindi na mtu aliyetembea naye mguu kwa mguu tangu alfajiri. Walipokaribia kizuizi yule mtu akasema anaingia vichakani kujisaidia. Mpaka leo hajamaliza. Askari wakaingiza mkono chini ya mahindi, na Yotamu akalala ndani.

Kwa hiyo mara ya kwanza katika maisha ya Karani, alikuja mtu ambaye mzigo kweli aliombwa tu kuushika. Hata kofia ilikuwepo. Na Karani, mtu wa ajabu, hakuutumia ule utetezi wake. "Huo umeshachakaa," aliniambia. "Kwa ndugu yako nitafanya sheria."

Akafanya. Nalisema kwa uchungu, kwa maana hapa ndipo ninapomchukia zaidi: safari hii alikuwa sahihi. Alinusa kwamba lile gunia halipo. Kituo lilikopelekwa sikitaji, tuseme tu kilikuwa na stoo, na stoo ilikuwa na panya, na wengine walisema panya wenyewe walivaa viatu. Gunia lisipoletwa mahakamani likaonekana, na majani yakapimwa yakajulikana ni nini, upande wa mashtaka hauna cha kusimamia. Mshtakiwa hana kesi ya kujibu. Anaachiwa. Karani aliyaandika yote hayo katika kurasa tatu za kutolewa siku ya uamuzi, kwa Kiswahili kizuri ambacho sikujua anacho, nami nikazipiga chapa bila kosa hata moja. Kazi ya Yotamu ilikuwa moja tu: kila kesi ikitajwa, aseme, "Mheshimiwa, naomba gunia liletwe," kisha akae.

"Na mama yangu nimwambie?" nilimwuliza.

"Umwambie ili soko zima lijue? Mwendesha mashtaka akisikia tunategemea gunia lisionekane, atalitafuta mpaka chini ya kitanda cha bosi wake. Au ataleta lingine. We Mashine, funga mdomo. Mgonjwa haulizi jina la dawa."

Ilikuwa na maana, sikatai. Nikafunga mdomo.

Mama alishuka kutoka Muyama kila kesi ilipotajwa, yaani kila baada ya wiki mbili, miezi saba mfululizo. Alilala kwangu, asubuhi akaenda na kibuyu cha uji wa Yotamu. Kila mara mambo yalikuwa yale yale. Mwendesha mashtaka anasimama anasema gunia bado halijaletwa. Yotamu anaomba gunia liletwe. Hakimu anaahirisha. Yotamu anarudishwa ndani, kila mara amekonda kidogo, kila mara anakuna ngozi zaidi kwa ukurutu wa mle ndani. Mama hakuwa na Kiswahili kingi, lakini neno gunia alilijua.

Aliniuliza mara tatu. Nazikumbuka zote tatu. Mara ya kwanza tulikuwa tunamenya ndizi. "Mwana wanje, mwanangu, kwa nini hawakai wakaimaliza? Gunia ndilo linalowazuia?" Nikasema, ndiyo mama, wanasubiri gunia. Mara ya pili aliniuliza njiani tukitoka mahakamani, na nikasema asiwe na haraka, Karani anajua. Mara ya tatu alinishika mkono nikiwa naosha vyombo. "Wewe unaandika makaratasi yake. Amesemaje humo?" Nami, mtoto wake wa tumbo, nikamjibu kwa sauti ya Karani kabisa. Nikamwambia, "Mama, hayo ni mambo ya ofisi." Akasema, "Ego." Kwetu ego ni ndiyo ya heshima, ya mdogo kwa mkubwa. Mama aliniambia mimi ego.

Sasa lazima nieleze kitu ambacho kila mtu wa Muyama anakijua na Karani pia alikijua, maana alikaa kwetu miaka yote hiyo. Kwetu, wazee wakikaa barazani kuamua ugomvi, kitu kinachogombewa huwekwa katikati. Kama ni mbuzi, mbuzi anafungwa katikati. Kama ni jembe, jembe linalazwa katikati. Kama kimeliwa au kimepotea, aliyeshtakiwa au ndugu yake huleta kingine cha mfano wake na kukiweka hapo. Si kukiri kosa. Ni kusema: haya, tumekuja tuelewane, kaeni. Bila kitu katikati wazee hawakai, na mtu anaweza kuzeeka na kesi yake mgongoni. Kikiwekwa, wanakaa, wanasema, watu wanakunywa pombe ya ndizi, kila mmoja anakwenda kwao.

Hakimu alipotangaza kwamba anatoa nafasi ya mwisho, kwamba siku ijayo gunia lisipokuwepo atafanya uamuzi, Karani alinunua ugoro mpya. Alinijia mezani akipangusa mikono. "Mashine, mwandalie ndugu yako shati." Mama alikuwepo, amekaa kwenye ngazi. Kule ndani alikuwa amemsikia mkalimani wa mahakama akisema siku ya mwisho. Hakuuliza tena, alishajibiwa. Aliaga akapanda Muyama.

Siku yenyewe mama alichelewa. Nilikuwa benchi la nyuma karibu na Karani, nikigeuka kila mara kuangalia mlango. Yotamu amesimama kizimbani na shati jeupe linalompwaya. Mwendesha mashtaka akasema, shingo upande, kwamba gunia halijapatikana na hana ombi jingine. Hakimu akavuta jalada, akafungua kalamu. Karani alinikanyaga mguu kwa furaha.

Mama akaingia na mzigo kichwani umefunikwa majani ya mgomba. Askari wa mlangoni alimzoea, alidhani ni chakula cha mahabusu. Hakukaa benchi. Alipita katikati yetu wote mpaka pale penye nafasi, kati ya meza ya hakimu na kizimba. Akautua mzigo sakafuni. Akapiga magoti, akapiga makofi mawili ya salamu, akaondoa majani ya mgomba. Gunia. Akalifungua mdomo kidogo ili waone. Harufu ilijaza chumba.

Akasema kwa Kiha, taratibu, kama mtu aliyepanga maneno yake njia nzima. Mkalimani alinyamaza. Hakimu akamwambia, "Tafsiri."

"Mheshimiwa, anasema: Wazee wangu, amani. Miezi saba nasikia gunia limepotea na ndiyo maana hamwezi kukaa. Lile sikulipata. Nimetoa mbuzi wangu wawili nimeleta jingine linalofanana nalo. Hili hapa, liko katikati. Sasa kaeni mseme, mwanangu arudi nyumbani."

Watu walicheka. Nasema watu, kwa sababu sitaki kuwataja. Wengine walikuwa majirani zangu. Mwendesha mashtaka hakucheka. Alisimama kama mtu aliyerudishiwa ng'ombe wake. "Mheshimiwa, naomba mama huyu awekwe chini ya ulinzi."

Hapo Karani akakohoa. Mara tatu. Tena mara tatu. Alikohoa mpaka mishipa ikamsimama shingoni, akimkoholea mama, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumfundisha maana yake. Mama aligeuka akamtazama kwa huruma. Akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Pole, baba."

Askari akamshika mama mkono, akamwinua. Yotamu aliona mkono ule. Nilimwona anaona. Karani akamkoholea na yeye, mara tatu, na Yotamu alimtazama moja kwa moja, kwa hiyo alisikia na alielewa, kisha akafungua mdomo.

"Mheshimiwa, ni langu. Hili na lile la kwanza, yote ni yangu. Mama nilimtuma, hajui kilichomo. Mwachieni mama."

Hakimu alimwuliza mara mbili kama anaelewa anachosema. Alielewa. Kurasa zangu tatu zilikuwa mezani kwa hakimu, safi, bila kosa. Yotamu alipewa miaka mitano kwa gunia ambalo hakulijua na jingine ambalo hakuliona mpaka siku hiyo. Mama alikaa ndani siku tisa, akaachiwa.

Nje, kwenye ngazi za Mzee Sefu, Karani alitupa daftari lake chini. "Mama yako ameniulia kesi yangu," alisema. Kesi yangu. Alisema hivyo, na macho yake yalikuwa na machozi, ya kweli kabisa, na yote alijililia mwenyewe. Ningeweza kumtukana, lakini ningeanzia wapi bila kujipitia mwenyewe?

Tulikaa kibaraza kimoja mwaka mwingine mzima bila kusalimiana. Aliendelea kunusa, kuandika, kukohoa. Wateja akawapeleka kwa mpiga chapa mwingine, aliyejaza makosa. Baadaye alihamia Kibondo, kwa kuwa kambi zilikuwa zimefunguliwa huko pia na kesi zimefuata watu. Mzee Sefu alisema, "Mwenzio kaenda," nikasema, "Na aende."

Mama hakutulaumu. Yeye ana maelezo yake mpaka leo. Anasema kosa lilikuwa lake: alikwenda mikono mitupu, alipeleka gunia bila pombe, na baraza gani linakaa kavu? Akifika hapo anatikisa kichwa. Yotamu alitoka baada ya miaka mitatu na miezi, kwa msamaha wa siku zake, akiwa na kifua kibovu. Baiskeli haipandi tena. Anachoma matofali. Naye hajawahi kumwambia mama lile gunia lilizuia nini siku ile, kwa sababu nilimwomba asimwambie. Nilisema nitamwambia mimi.

Miaka ya tisini ilikuwa inakwisha nilipokwenda Kibondo kutafuta utepe wa mashine, maana Kasulu ulikuwa umeadimika. Nikamkuta. Kibaraza kingine, duka jingine, koti lile lile. Alikuwa amezeeka, mashavu yameingia ndani, lakini benchi lake lilikuwa limejaa. Nilisimama nyuma ya nguzo kama mtu anayekwepa jua.

Alikuwa anawasimulia. "Sikilizeni, ninyi mnaopenda kuingilia kazi ya wataalamu. Kulikuwa na bibi mmoja wa Muyama. Mwanawe kesi imeshakufa, imebaki kuzikwa. Hakimu ameshika kalamu hivi. Bibi anaingia na gunia la bangi kichwani! Anamsalimia hakimu, anamwambia, haya, nimewaletea!" Akaigiza na makofi mawili, mzee yule, akapiga magoti nusu. Watu walishika mbavu. Alikuwa anaisimulia vizuri, nadhani aliisimulia kila siku.

Mwanamke mmoja hakucheka. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mkimbizi wa kambi ya Nduta kwa kadi iliyoning'inia kifuani, karatasi ya Karani imekunjwa mkononi. Akauliza kwa sauti ndogo, "Na huyo mama, hakuna aliyemweleza?"

"Hakuuliza," alisema Karani. "Watu kama ninyi hawaulizi."

Nikatoka nyuma ya nguzo. "Aliuliza mara tatu," nikasema. "Aliniuliza mimi. Nilikuwa nimezipiga chapa zile karatasi, najua kila neno, na nikamwambia ni mambo ya ofisi."

Karani akageuka. "Mashine," alisema. Alitafuta kichupa cha ugoro mfukoni, akakosa kukifungua. Ningependa kusema niliona majuto. Niliona mzee ambaye hadithi yake nzuri imeharibiwa mbele ya wateja.

Nikamwuliza yule mwanamke kesi yake ni ya nini. Mtoto wake, akasema, amekamatwa na vifurushi njiani kutoka kambini, yuko ndani tangu mavuno, naye hajui karatasi hii inasema nini. Alimwuliza mzee, mzee akamwambia mgonjwa haulizi jina la dawa.

Nikanyoosha mkono, akanipa karatasi. Nikaifungua. Mheshimiwa, mimi ni mtu wa ibada. Nikakaa kando yake kwenye benchi na kuanza kumsomea, neno kwa neno, nikigeuza kwa Kiha, ambacho kwa Mrundi ni kama lugha ya nyumba ya pili, nikisimama kila mstari kumweleza huu ni wa nini, huu ni uongo, hapa hakimu atamcheka, hapa aombe mzigo wenyewe uletwe, na ukikosekana usipeleke mwingine, mama, chochote utakachosikia usipeleke mwingine.

Karani alikohoa mara tatu. Nikaendelea kusoma.